Aliyeandika "Xaxa" Anakijua Kiswahili

Kila alama za Kiswahili zinaposhuka katika mitihani, lawama hupelekwa mlango mmoja: simu ya kijana wa mtaani. Mwalimu husema ni Sheng, lugha ya vijana wa mjini. Mhariri husema ni SMS. Mzazi wa Lavington, mtaa wa kitajiri wa Nairobi, husema mwanawe amechangamana na watoto wa mabanda ya Kawangware. Ikifika tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wageni wa studio hutuambia lugha inachinjwa, na kila msikilizaji anajua kisu kinadaiwa kushikwa na nani. Hoja hii imezoeleka mpaka imekuwa kama habari ya hali ya hewa, hakuna anayeihoji. Mimi naipinga yote, kuanzia mizizi yake. Kijana wa mabanda ya Kibera aliyeandika xaxa, cjui na wa2, yaani "sasa", "sijui" na "watu", hakufanya hivyo kwa kuwa Kiswahili kilimshinda. Aliweza kukichezea kwa kuwa anakijua, na mchezo ule ni sanaa ya maandishi ambayo Kenya imepita juu yake kwa zaidi ya miaka 20 bila kuitazama.

Tuanze na kidole gumba, maana ndicho kilichofanya kazi.

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Kibera na Kawangware ilikuwa kila mahali: ya kwanza, ya mtumba, ya kuazima, ile yenye tochi kichwani. Herufi zake zilikuwa zimefungwa tatu tatu au nne nne chini ya tarakimu. Herufi s ilikaa mwisho kwenye kitufe cha 7, baada ya p, q na r. Kuipata ilibidi ubonyeze mara nne. Herufi x ilikaa ya pili kwenye kitufe cha 9. Ukibonyeza mara mbili, umeipata. Sasa hesabu. Neno "sasa" linataka mibonyezo kumi. Neno "xaxa" linataka sita. Idadi ya herufi ni ileile, kwa hiyo anayesema vijana walikuwa wakikata maneno kwa uvivu hajaitazama hata simu yenyewe. Neno halikukatwa. Lilihamishwa kutoka kitufe cha tabu kwenda kitufe chepesi, na msomaji upande wa pili akalielewa bila kufundishwa.

"Sijui" inataka mibonyezo kumi na mitatu. "Cjui" inataka tisa, kwa sababu herufi c ukiitamka kwa jina lake la Kiingereza unapata silabi nzima ya Kiswahili, na silabi hiyo ndiyo kikanushi cha nafsi ya kwanza. Kwa "tu" mambo ni mazuri zaidi. Herufi t na u zote ziko kwenye kitufe cha 8, kwa hiyo baada ya kuandika ya kwanza unangoja kidogo ndipo simu ikuruhusu kuandika ya pili. Ukishikilia kitufe cha 2, tarakimu inatoka mara moja. Ndipo tukapata "2onane", "wa2", "ki2" na "m2 wangu". Hebu fikiria kinachopita kichwani mwa mtu anayeandika "2onane". Anaisoma tarakimu kwa Kiingereza, anachukua sauti peke yake na kuacha maana ya hesabu, anaitumia sauti hiyo kama kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, kisha anaibandika kwenye kitenzi cha kutendana kilicho katika hali ya dhamira. Katika "wa2" tarakimu ileile si kiambishi tena, ni mzizi wa nomino. Mtu asiyejua neno la Kiswahili lina viungo vyake wapi hawezi kufanya hivi hata mara moja. Vijana wale walifanya hivyo siku nzima, wakisimama kwenye foleni ya maji, na hawakukosea kiungo.

Sidai kwamba kila aliyeandika xaxa alikaa chini na karatasi akahesabu mibonyezo. Kidole hujifunza njia fupi kabla akili haijaipa jina. Lakini sikio lilikuwa macho muda wote, na hilo ndilo ninalotaka wakosoaji wakubali. Simu za kugusa kioo zilipoenea, x na s zikawa na bei moja. Hoja ya uchumi ikafa. Xaxa haikufa papo hapo. Iliendelea kama pambo, namna ya kusema mimi ni mtu wa aina fulani. Kisha vijana wenyewe wakaichoka. Wakaanza kuwacheka waliobaki nayo, wakawaona washamba, na mtindo ukafifia. Kwa maneno mengine, palikuwa na waandishi, wasomaji, mtindo ulioanza, ukakomaa, ukachuja, na wahakiki wakali wasiolipwa na mtu. Ni vikundi vingapi vya fasihi mjini Nairobi vinavyoweza kudai mzunguko kamili namna hiyo?

Chukua ujumbe mmoja wa kubuni, wa mtindo ambao mtu yeyote aliyepitia miaka ile mtaani anautambua, ingawa neno lake la mwisho ni la hivi karibuni: "Niaje m2 wangu. Ckupati. Ka ushaivana na msee 2kutane stage 56, cna credo. Ucnipangwingwi." Humo mna salamu, mna lawama, mna sharti, mna mahali, mna sababu ya kutopiga simu, na mna onyo. "Ka" ni "kama" iliyopunguzwa silabi. "Ushaivana" ni kitenzi cha Kiswahili kilichobeba hali timilifu kwa "sha", sarufi ambayo mtu wa Lamu haitilii shaka. "Ucnipangwingwi" imeanza na kiambishi kilichofupishwa, ikaisha kwa silabi zilizorefushwa. Mwandishi wake alibana penye nafasi ya kubana, akavuta pale alipotaka sauti yake isikike ikicheka. Nafasi aliyopewa na simu ilikuwa herufi 160 kwa ujumbe mmoja, kipimo kilichowekwa na wahandisi wa Ulaya wakati mfumo wa GSM ukibuniwa, na sidhani kuna aliyekumbuka kwamba kuna lugha duniani ambamo kitenzi kimoja hubeba mtenda, mtendwa, wakati na kauli.

Sasa niwageukie walimu wa Kiswahili, watu ninaowaheshimu, maana hapa ndipo lawama inaponishangaza.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hufunzwa idhini ya mshairi. Hufunzwa inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, kama pale "aliyenipa" inapokuwa "alonipa". Hufunzwa mazida, yaani kulirefusha neno, "afya" ikawa "afiya". Hufunzwa tabdila, kubadilisha herufi au silabi bila kugusa idadi ya mizani. Katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, huulizwa azitaje na azitolee mifano, na akifanya hivyo hupewa alama. Haya basi. "Ka" ni inkisari. "Sipangwingwi" ni mazida, tena mazida ya kufurahisha kuliko nyingi zilizo katika diwani za shule. "Xaxa" kwa "sasa" ni tabdila kamili: silabi mbili ziliingia, silabi mbili zikatoka. Mizani ya mshairi wa Mombasa iliwekwa na wimbo; mizani ya kijana wa Gatina, Kawangware, iliwekwa na kitufe na salio. Zote mbili ni mipaka, na zote mbili zilimlazimu mwandishi ajue kwanza neno limeungwa vipi ndipo alilegeze.

Karatasi ya Pili nayo ina sehemu nzima ya ufupisho, ambapo mtahiniwa hupewa idadi ya maneno na kuambiwa asivuke. Karatasi hiyohiyo ina isimujamii, ambapo huulizwa sajili, na sajili ya vijana mtaani huwa miongoni mwazo. Mfumo uleule unaompa mtoto alama kwa kueleza inkisari, kwa kufupisha, na kwa kutambua sajili, ndio unaotangaza kwamba mtoto huyo anayafanya yote matatu kwenye simu yake kwa sababu ya ujinga. Walimu hawa hawana uadui na ubunifu. Wamefundishwa kuutambua ukiwa ndani ya kitabu tu, na huo ni upungufu wa mafunzo, wala si wa watoto.

Wapo wanaosema data zitanikanusha: watoto wanaoandika hivi kwenye simu hawawezi tena kuandika vizuri darasani. Huko Uingereza, Beverly Plester na Clare Wood wa Chuo Kikuu cha Coventry walilichunguza jambo hili kwa watoto wa shule za msingi miaka ya 2000, enzi ambayo magazeti ya huko yalikuwa yakilia kilio hikihiki. Walikuta watoto waliotumia vifupisho vingi zaidi kwenye ujumbe ndio waliokuwa na uwezo bora wa kusoma na kutambua sauti za maneno. Kile ni Kiingereza, lakini sababu waliyoitoa inavuka mipaka: kufupisha kwa sauti ni mazoezi ya sauti. Na lugha yetu, yenye silabi zilizo wazi na tahajia inayofuata matamshi, inampa mtoto uwanja mpana zaidi wa mazoezi hayo.

Kama alama zinashuka Kibera, tafuteni sababu mahali panapoeleweka. Madarasa yamejaa. Vitabu havitoshi. Mwanafunzi anayekamatwa akiongea lugha ya nyumbani au Sheng bado huvishwa kibao cha aibu, "diski", shingoni katika baadhi ya shule, adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni na kuilea kama yetu. Kiswahili kinafika kwa mtoto kikiwa kimeshika kiboko. Halafu tunashangaa anakipenda zaidi kikiwa mfukoni mwake.

Nchini Australia kuna mwandishi aitwaye Mary-Anne Breeze, anayejulikana kama Mez. Tangu miaka ya 1990 amekuwa akitengeneza kwenye intaneti namna yake ya kuandika, mezangelle, ambamo huchukua neno la Kiingereza, akalipasua kwa mabano, nukta na alama za msimbo wa kompyuta, mpaka neno moja likasomeka kwa njia mbili au tatu kwa wakati mmoja. Msomaji wa kawaida akiutazama ukurasa wake huona fujo. Wahakiki waliotulia wakaona fasihi. Leo karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na kazi yake inafundishwa vyuoni. Sina kinyongo naye hata kidogo. Alistahili, na naipenda kazi yake hasa kwa sababu inakataa kumruhusu msomaji apite haraka.

Lakini weka kazi hizi mbili mezani. Mez aliingiza alama za mashine ndani ya neno la binadamu. Kijana wa Laini Saba, Kibera, aliingiza tarakimu ya mashine ndani ya neno la Kiswahili. Mez alilifanya neno lisomeke kwa lugha mbili, ya watu na ya kompyuta. "Wa2" haisomeki kabisa bila lugha mbili na tarakimu. Mez alikuwa na kompyuta; kijana alikuwa na simu. Tofauti iliyobaki ni jina. Kazi ya kwanza ina mwenyewe, ya pili ni ya umma. Hapo ndipo mtu huniambia kwamba sanaa lazima iwe na msanii, na kwamba kitu kilichofanywa na kila mtu hakikufanywa na mtu.

Hoja hiyo inaweza kusimama kwingine. Kwa Waswahili haisimami. Jina la kanga limeandikwa na nani? Mstari mmoja ule, uliokaa chini ya mji wa kitambaa, umetukana wake wenza, umeomba msamaha, umetongoza, umezika, na ni nadra sana kumjua aliyeutunga. Ulianza kwa herufi za Kiarabu ukahamia za Kirumi bila kupoteza makali. Pwani pia kulikuwa na Kinyume, mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho ya neno ikaja mbele ili wasiohusika wasielewe. Edward Steere aliweka mifano yake katika kitabu chake cha Kiswahili katika karne ya 19. Sheng inapoigeuza "stori" ikawa "risto" haifanyi uhuni mpya. Inaendeleza ufundi ambao babu zetu wa Unguja waliufurahia kabla Nairobi haijajengwa.

Na kama ni lazima tuwe na wasanii wenye majina, Kibera inao. Mwaka 2001 Otieno Gomba na Otieno Kota, waandikaji mabango, walianzisha kundi la Maasai Mbili. Walizunguka mtaani wakiwa wamevaa kama Wamaasai ili wateja wawatambue, wakaandika majina ya vinyozi, hoteli na vioski, kisha taratibu bango likawa mchoro na mchoro ukabaki na maneno ndani yake. Studio yao ikawa kituo cha sanaa kinachojulikana nje ya mipaka ya Kenya. Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alitoka mazingira hayohayo. Mapema mwaka 2008, Kibera ikiwaka baada ya uchaguzi, alipita akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, malango, mabati na vibanda, mahali baada ya mahali, kwa rangi na brashi. Sentensi zake zilikuwa fupi kama SMS, kwa sababu ndivyo waliokuwa wakikimbia wangeweza kusoma. Mwandishi yeyote anayenieleza kwamba mtaa huu haujui uzito wa maneno, namrudisha kwenye kuta zile.

Mwaka huohuo pia ulinifunza kitu kuhusu Sheng ambacho sijakiona kikiandikwa vya kutosha. Kibera kuna Kinubi, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikisii, Kikikuyu na nyinginezo, zote zikisikika kupitia mabati mamoja. Lafudhi iligeuka kuwa hukumu katika wiki zile. Njiani mtu aliulizwa maneno mawili na jibu lake likampima. Ujumbe ulioandikwa kwa Sheng haukuwa na lafudhi. Ulionyesha mtaa wako, pengine hata stage yako, lakini haukumwonyesha babu yako. Wataalamu wanaotaka vijana waandike "lugha safi" wajiulize usafi huo uliwahi kumkinga nani.

Wakati mwingine huambiwa basi, tuiache sanaa, lakini tahajia ni tahajia, ina sheria. Kweli ina sheria, na ina tarehe yake pia. Kiswahili sanifu tunachokitetea kiliamuliwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, iliyokusanya maafisa wa elimu na wamisionari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, wakachukua Kiunguja, kilichokuwa kimeshachaguliwa kuwa msingi, na kuamua kila neno litaandikwaje ndipo kitabu kiruhusiwe kuingia shuleni. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, Waswahili waliandika tenzi zao kwa hati ya Kiarabu isiyo na alama za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili, na kila mwandishi mahiri alikuwa na namna yake ya kuziba pengo. Mwandishi wa Pate aliyegundua jinsi ya kuonyesha sauti ambayo hati haikuipa nafasi, na msichana wa Kawangware aliyegundua jinsi ya kuipata "si" kwa kitufe kimoja, wamefanya kazi moja. Yule tunamwekea makumbusho. Huyu tunamwandikia ripoti ya mtihani.

Dharau hii imeingia hata kwa wasomi waliokuja kwa nia njema. Kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga, iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003, ni kazi ya maana sana, nami nimeitegemea. Lakini jina lake dogo kwa Kiingereza liliiita Sheng lugha ya ulimwengu wa wahalifu wa Afrika Mashariki. Mtoto anamwandikia mama yake kwamba amefika shuleni salama, na lugha yake inawekwa rafu moja na majambazi. Ilibidi tungoje mpaka 2018, Chege Githiora alipochapisha kitabu kinachoieleza Sheng kama aina ya Kiswahili cha Kenya inayozungumzwa na watu wa rika na tabaka mbalimbali, ndipo mjadala wa kitaaluma ukapumua. Wachapishaji wa vibonzo walikuwa wametangulia. Jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure, liliandikwa Sheng na kusomwa nchi nzima, na mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy ya kidijitali.

Serikali nayo haijakosa kuusikia mchezo huu wa maneno, ila inausikia kwa hofu. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya uchochezi, na humo yakawemo "sipangwingwi" na "hatupangwingwi", yaliyokuwa yamevuma kwa wimbo wa Exray kabla ya wanasiasa kuyateka. Kitenzi cha kawaida cha Kiswahili kilichoongezewa silabi moja kikawekwa kwenye orodha ya hatari. Naelewa tume ilikuwa na kumbukumbu za 2008. Lakini angalau ilikubali jambo ambalo walimu hukataa: silabi moja iliyoongezwa na kijana ina nguvu.

Nguvu hiyo tuliiona yote Juni 2024. Muswada wa Fedha uliletwa ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kwa kurasa, na waliotarajiwa kulipa hawakutarajiwa kuusoma. Vijana wakauchukua. Wakaufasiri TikTok kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama na kwa lugha ya ishara, kifungu kwa kifungu, mkate, mafuta, gari. Namba za simu za wabunge zikasambazwa na watu wakaambiana "wasalimieni". Salamu, tendo la kwanza la adabu katika Kiswahili, ikawa maelfu ya jumbe zilizomfikia mheshimiwa kwa wakati mmoja, kila moja ikimtaka aeleze atapiga kura vipi. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na vijana kuuawa kwa risasi, Rais alitangaza hatatia sahihi. Wapo watakaobishana kuhusu siasa ya jambo hilo. Mimi nazungumzia lugha, na nauliza: kati ya aliyeandika muswada na aliyeufasiri ukaeleweka Kawangware, ni nani aliyekuwa na upungufu wa lugha?

Kuna jambo lililo zito kuliko yote niliyoyataja. Kampuni ya Sama, iliyoanza kwa jina la Samasource, imeajiri vijana wa Nairobi, wengi kutoka Kibera na Mathare, kupanga na kutia alama data zinazofundisha mashine. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wake walisoma matini za kutisha, ukatili juu ya ukatili, ili kuisaidia kampuni ya OpenAI kuizuia programu yake isitoe maneno machafu, na walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tazama mpango huo kwa makini. Anayeambiwa na mwalimu kwamba hajui lugha ndiye aliyekabidhiwa kuifundisha mashine mpaka wa lugha, kitu ambacho mashine yenyewe haikuweza kukitambua. Uwezo wake wa kusoma maana iliyojificha, kujua neno linalotania na neno linaloua, alioupata kwa kusoma jumbe za mtaani tangu utotoni, ulikuwa mali. Ulinunuliwa kwa bei ya sukari, na ukatumika kuijenga mashine iliyolishwa Kiingereza kwa wingi na Kiswahili kwa uchache, na ambayo Sheng ya nyumbani kwake inaichanganya.

Hapa ndipo maneno ya wahifadhi wa lugha yanapoacha kuwa ubishi wa walimu na kuwa madhara. Mashine hizi hujifunza kutokana na kilichoandikwa na kutunzwa. Lugha tunayoiita takataka haitunzwi. Isiyotunzwa haiingii. Kesho kijana wa Mashimoni, Kibera, atauliza jambo la hospitali kwa lugha yake mwenyewe, naye atajibiwa kana kwamba hajasema kitu. Atalazimika kuuliza upya kwa Kiingereza, ama aache.

Wapo pia wanaouliza kijana huyu ataandikaje barua ya kuomba kazi. Hapo sina ubishi. Mtoto lazima afunzwe Kiswahili sanifu, akisome, akiandike, akipende. Nami nimekiandika hapa kwa sababu hiyohiyo. Anayejua kubadilisha sajili kati ya meneja na rafiki yake ana lugha mbili, wala hajapoteza moja. Vijana wa Dar es Salaam huandika "cjui", "hv" na "mambo vp" usiku kucha, na asubuhi hakuna anayesema Tanzania imekiua Kiswahili. Wanaodhaniwa kukiua daima ni wale wanaoishi chini ya mabati, na ninaamini hilo linaonyesha chanzo cha hukumu. Ni chuki ya tabaka iliyovaa joho la sarufi.

Ninachotaka kifanyike kinawezekana mwaka huu. Taasisi ya Kukuza Mitaala iweke ujumbe wa simu kando ya shairi katika somo la idhini ya mshairi, mwanafunzi aulizwe inkisari iko wapi na kwa nini. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta, pamoja na maktaba ya taifa tawi la Kibera, zianze kukusanya jumbe za miaka ya 2003 hadi 2013, kwa ridhaa ya wenyewe, majina yakiwa yamefutwa, kabla hazijapotea zote. Simu zile hazijaisha. Ziko kwenye droo, chini ya magodoro, katika mabakuli ya vipuri vya mafundi wa soko la Toi, na huenda baadhi zikipata betri zikawaka, vikasha vyake vya ujumbe vikiwa bado vimejaa. Fundi wa simu anajua kuzitoa jumbe hizo. Anahitaji mtu wa chuo aje na daftari, amlipe kazi yake, na amuulize maana ya kila neno asilolielewa.